Kusoma Upepo kwa Chombo: Kumbukumbu za Bahari ya Unguja

Kila mwaka upepo wa kusi unapoanza kushika nguvu, mjadala uleule huzuka katika madiko, yaani bandari ndogo za wavuvi, ya pwani ya Tanzania. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, vyombo vidogo huzuiwa kutoka, na ifikapo alasiri wavuvi waliokosa riziki ya siku huuliza upepo huo umekwenda wapi, kwa sababu maji yaliyo mbele yao yamelala. Wapo wanaohitimisha kwamba utabiri ni uongo, na wapo, hasa miongoni mwa wenye elimu ya darasani, wanaohitimisha kwamba mvuvi ni mkaidi asiyesikia la mtu. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, hukumu zote mbili zilisikika tena kwa sauti kubwa zaidi, na ndizo zilizomrudisha mwandishi wa makala haya kwenye miaka aliyoishi na mabaharia na, baadaye, miaka aliyofanya kazi katika kituo cha kupimia hali ya hewa. Inatetewa hapa kwamba hukumu hizo mbili zimekosea mahali pamoja: zote zinalichukulia angalizo kuwa kauli inayojitosheleza, ilhali tarakimu ya upepo haielezi hatari kamili mpaka ijulikane ni chombo gani kinachotoka, kinatoka saa ngapi, na kitapita katika maji gani.

Mpangilio wa pepo za pwani hii unajulikana na kila aliyekulia karibu na bahari, ingawa sababu zake hazielezwi mara nyingi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Desemba hadi Machi, wakati bara la Asia limepoa na hewa nzito inashuka kutoka huko kuelekea ikweta. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi karibu Septemba, wakati bara hilo limepata joto na linaivuta hewa ya Bahari ya Hindi kutoka upande wa kusini wa ikweta. Kati ya misimu hiyo kuna vipindi vya pepo dhaifu zinazogeukageuka, ambavyo mabaharia huviita maleleji au tanga mbili. Kusi ndiyo yenye nguvu zaidi, na Juni na Julai ndiyo miezi yake mikali. Kwa karne nyingi mpangilio huu uliyaleta majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi kwa kaskazi na kuyarudisha kwao kwa kusi, na ndiyo maana mtu wa pwani huona kuujua upepo ni sehemu ya malezi yake, jambo asilohitaji kufundishwa na ofisi yoyote.

Mwandishi alilelewa katika kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja, nyumbani kwa babu yake mzaa mama, aliyekuwa nahodha wa jahazi la mizigo kabla ya uzee kumpunguzia safari. Mzee huyo alihesabu siku kwa Nairuzi, yaani kwa mwaka wa jua wa siku 365 unaogawanywa katika makumi, ambao wenyeji wa Makunduchi huukaribisha hadi leo kwa sherehe za Mwaka Kogwa mwezi Julai. Hesabu ya mwezi mwandamo, ambayo ndiyo ya ibada, hairandani na majira kwa kuwa mwaka wake ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takriban siku 11, na kwa hiyo baharia aliyetaka kujua kusi itapoa lini alilazimika kuwa na kalenda ya pili. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa bahari wa karne ya 15 aliyeandika juu ya njia za Bahari ya Hindi, alipanga nyakati za safari kwa hesabu ya aina hiyohiyo. Elimu hiyo ilikuwa ya kweli na iliokoa maisha, na mwandishi aliwahi kumsikia babu yake akitaja kumi ambalo chombo hakipaswi kulala Pemba kwa uhakika wa mtu anayetaja nyakati za sala.

Lakini jambo ambalo mtoto yule alichelewa kulielewa ni kwamba mzee hakuifanya hesabu yake kuwa ruhusa. Kila alfajiri, hata katikati ya kumi lililosifiwa kwa utulivu, alishuka pwani kabla ya jua kutoka, akatazama mawingu ya upande wa nje yanakimbilia wapi, akasikiliza mwamba unavyonguruma, na kusubiri aone kama umande, yaani upepo mwepesi unaotoka nchi kavu usiku wakati ardhi imepoa kuliko bahari, umekatika mapema au umechelewa. Umande ukikatika mapema, mara nyingi ilikuwa ishara kwamba upepo wa msimu una nguvu ya kuufunika tangu asubuhi, na siku hiyo chombo hakikushuka majini. Wataalamu wa leo hutenganisha tabianchi, ambayo ni mwenendo wa hali ya hewa kwa miaka mingi, na hali ya hewa yenyewe, ambayo ni ya leo na kesho. Mzee yule asiyejua istilahi hizo alizitenganisha kwa miguu yake kila alfajiri. Wanaodai leo kwamba elimu ya wazee inatosha bila utabiri wameikumbuka nusu yake tu, kwa maana Nairuzi ilimwambia nahodha msimu ulivyo, na habari ya siku hiyo aliitafuta kwingine.

Pwani ya mashariki ya Unguja imezungukwa na mwamba wa matumbawe unaoacha maji ya kina kifupi kati yake na ufukwe, na vyombo hutoka nje kupitia milango, yaani nafasi zilizo wazi katika mwamba huo. Siku moja ya kusi, vyombo viwili vilikuwa tayari kutoka kupitia mlango mmoja, na upepo uliokuwa ukivuma haukuwa mkali hata kidogo. Mzee aliizuia mashua yake na kumsihi kijana mwenye ngalawa, aliyemwita mwanangu ingawa hawakuwa na udugu wa damu, asubiri mpaka maji yaanze kujaa. Kijana alitii kwa heshima ya umri, akiamini kwamba mzee ameogopa bure. Sababu ilieleweka walipokaa juu ya jiwe na kuutazama mlango: maji yalikuwa yakipwa, na kwa kuwa ilikuwa siku za bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa katika Unguja hukaribia mita 4, maji yote ya ndani yalikuwa yakitoka kwa kasi kupitia nafasi ile nyembamba na kukutana uso kwa uso na mawimbi yanayotoka bahari kuu. Wimbi linalokutana na mkondo unaokwenda kinyume chake hufupika na kuinuka, ukingo wake husimama na kuvunjika, na wimbi la kawaida linaweza kukizamisha chombo ambacho saa chache baadaye kingepita hapohapo bila kulowana. Saa ya maji ilipobadilika walitoka wote wawili, na upepo ulikuwa uleule.

Somo hilo lina uzito hata nje ya miamba. Mkondo wa bahari wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini kando ya Tanzania mwaka mzima. Wakati wa kusi huenda pamoja na upepo na kasi yake huongezeka, na wakati wa kaskazi hupungua na kukabiliwa na upepo unaotoka mbele yake. Ndiyo maana kaskazi, ambayo kwa tarakimu ni upepo mpole kuliko kusi, huweza kuinua bahari fupi na yenye kuchosha katika sehemu ambazo mkondo una nguvu, na baharia anayesoma kasi ya upepo peke yake hawezi kuliona hilo.

Safari ya kwanza ya mwandishi kwenda Pemba kwa jahazi ilifanyika akiwa bado kijana, mwishoni mwa msimu wa kusi, chini ya nahodha aliyekuwa rafiki wa babu yake. Njia yote ya magharibi mwa Unguja ilikuwa tulivu kwa kuwa kisiwa kiliukinga upepo, abiria walikuwa wakizungumza na wengine wamelala juu ya magunia, na hapo ndipo nahodha alipoamuru tanga kubwa lishushwe na litwekwe dogo. Manung'uniko yalikuwa makubwa. Abiria mmoja alisema wazi kwamba mzee anataka kuwalaza baharini, mwingine akahesabu kwa sauti saa ambazo zingepotea, na nahodha hakumjibu hata mmoja. Jahazi lilipopita ncha ya Nungwi na kuingia katika mkondo unaoitenga Unguja na Pemba, ambako kina kinashuka ghafla mpaka mamia ya mita na hakuna tena ardhi ya kuuzuia upepo, kusi ililipiga ubavuni kwa nguvu ambayo ingelivunja foromali, yaani mti mrefu unaobeba tanga, kama tanga kubwa lingekuwa bado juu. Manung'uniko yalikoma, na waliokuwa wakilalamika waliingia ngamani kukumba maji pamoja na mabaharia.

Miaka mingi baadaye mwandishi alipofundishwa kanuni ya nguvu za upepo, alilikumbuka tanga lile. Msukumo wa upepo juu ya tanga hauongezeki sambamba na kasi yake. Huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa maana kwamba upepo wa noti 20 husukuma mara nne ya upepo wa noti 10, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini kwa saa, sawa na kilomita 1.852. Kwa hiyo tofauti inayoonekana ndogo kwenye karatasi ni tofauti kati ya tanga linaloshikika na tanga lisiloshikika, na kazi ya kulipunguza haiwezi kusubiri upepo ufike, kwa kuwa mikono inayoweza kulishusha katika utulivu haiwezi tena kulishusha likiwa limejaa. Abiria wale walimhukumu nahodha kwa maji waliyokuwa wakiyaona, na hivyo ndivyo angalizo linavyohukumiwa leo katika madiko yaliyokingwa na kisiwa, ambako mtu husimama upande wa utulivu na kuuliza upepo uko wapi, ilhali maili chache kutoka hapo, nje ya ncha, upepo uliotabiriwa unavuma kwa ukamilifu wake.

Baada ya masomo mwandishi aliajiriwa kuwa mpimaji katika kituo cha hali ya hewa cha pwani. Kazi yenyewe ilikuwa ya nidhamu zaidi kuliko ya maarifa. Kila baada ya saa 3, usiku na mchana, ilipasa kusoma barometa inayopima mgandamizo wa hewa, vipimajoto vikavu na vibichi, na anemomita iliyosimikwa juu ya mlingoti wa mita 10, kisha kuyageuza yote kuwa tarakimu za mafumbo yanayosomeka duniani kote na kuyatuma makao makuu. Mkuu wa zamu, mtu mkali mwenye mapenzi makubwa na kazi yake, aliwalazimisha wapimaji wapya wachore kwa mkono mstari wa mgandamizo wa kila siku mpaka wauone hata wakiwa wamefumba macho: katika nchi za joto mgandamizo hupanda hadi karibu saa 4 asubuhi, hushuka hadi karibu saa 10 alasiri, hupanda tena hadi saa 4 usiku na kushuka tena kabla ya alfajiri, kila siku, kwa hektopaskali chache tu.

Zoezi lile lilionekana la kuchosha mpaka sababu yake ilipoelezwa. Utabiri wa bahari ulipoanzishwa Uingereza na Robert FitzRoy, aliyeanza kutuma maonyo ya dhoruba kwa simu ya waya mwaka 1861 baada ya meli ya Royal Charter na meli nyingine nyingi kuangamia katika dhoruba ya Oktoba 1859, barometa ndiyo iliyokuwa jicho lake, kwa kuwa katika bahari za baridi mgandamizo hushuka sana kabla ya upepo mkali kufika, na mistari ya mgandamizo kwenye ramani humwonesha mtaalamu upepo utavuma wapi na kwa nguvu gani. Karibu na ikweta njia hiyo hudhoofika, kwa sababu nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo na kuufungamanisha na mgandamizo ni ndogo sana hapa, na kusi inaweza kuongezeka maradufu huku barometa ikiendelea na mwendo wake wa kila siku. Mpimaji wa Unguja anayesubiri barometa imwonye juu ya kusi kali atasubiri bure. Lakini siku ambayo barometa itaacha kupanda saa inapopaswa kupanda, aliyeuzoea mstari ule atajua kwamba kuna jambo kubwa na la nadra. Kwa hiyo mtaalamu wa bahari za joto hana budi kuutazama upepo wenyewe, mwelekeo wake na mahali unapokusanyika au kutawanyika, na katika hili wazee wa pwani waliokuwa wakitazama mbio za mawingu hawakuwa mbali naye.

Upungufu wa vipimo nao ulijidhihirisha kituoni hapohapo. Jioni moja ya msimu wa masika wingu jeusi lilipanda kutoka bara, likamwaga mvua na upepo wa ghafla uliong'oa mabati, na likapita kabla ya saa moja kuisha. Lilifika baada ya vipimo vya saa 12 jioni na likawa limeondoka kabla ya vile vya saa 3 usiku, kwa hiyo mtu aliyesoma daftari la siku ile angeona tarakimu mbili za upepo mwanana zikifuatana, pamoja na maelezo mafupi ya mpimaji pembeni. Kesho yake watu walikuja kituoni kuuliza habari za ndugu zao waliokuwa nje na mashua usiku ule. Hakuna swali gumu kuliko lile, na aliyelisikia hawezi tena kuichukulia tarakimu ya wastani kuwa ndiyo bahari. Upepo unaotangazwa kimataifa ni wastani wa dakika 10. Ndani ya dakika hizo kuna mikupuo inayoweza kuuzidi wastani kwa zaidi ya theluthi. Urefu wa mawimbi unaotangazwa nao ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi, na katika bahari iliyotabiriwa kuwa na mawimbi ya mita 2, mtu aliye nje kwa saa kadhaa ategemee kukutana na wimbi moja moja linalokaribia mita 4. Hayo yanafahamika kwa kila mtabiri, na huandikwa mara chache sana mahali ambapo mvuvi anaweza kuyasoma.

Mafunzo ya baadaye yalimwingiza mwandishi katika dunia ya modeli za kompyuta. Hapo ndipo alipojifunza kwamba kusi inayovuma ufukweni ni kitako cha mto mkubwa wa hewa unaovuka ikweta kandokando ya nyanda za juu za Kenya na Ethiopia, wenye kasi yake kubwa takriban kilomita moja na nusu juu ya ardhi, ambao mtaalamu Findlater aliueleza kwa kina mwaka 1969 kwa kutumia vipimo vya maputo. Alijifunza pia kwamba setilaiti huupima upepo wa baharini bila kuugusa, kwa kurusha mawimbi ya rada na kusoma jinsi uso wa maji ulivyokwaruzwa. Maendeleo haya ni makubwa, na anayeyadharau hajui mabaharia wa zamani walipoteza watu wangapi kwa kukosa habari ya siku mbili mbele. Hata hivyo modeli bora za dunia nzima hugawanya uso wa dunia katika miraba ya takriban kilomita 9, na Unguja, ambayo upana wake haufiki kilomita 40, huenea katika miraba michache tu. Milango ya mwamba, ncha ya Nungwi na kivuli cha upepo kilicho magharibi mwa kisiwa havionekani humo. Mtabiri mwenye kujua mahali huongeza elimu hiyo kwa akili yake, na asiyejua huandika tarakimu moja kwa ukanda wote wa pwani.

Swali la chombo nalo husahaulika vivyo hivyo. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu mkali wa kusi, meli ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi wakafariki. Meli hiyo ilijengwa mwaka 1989 kwa ajili ya kuvusha abiria katika Puget Sound, jimbo la Washington nchini Marekani, ambako maji yamezungukwa na nchi kavu. Mwandishi alikuwa miongoni mwa waliosimama na jamaa wa abiria bandarini siku zilizofuata, na mazungumzo ya pale yalihusu upepo tu, kwamba ulikuwa mkali kuliko kawaida au haukuwa mkali kuliko kawaida. Watu walibishana juu ya noti. Ni wachache waliouliza chombo kile kiliundwa kwa maji ya aina gani, ingawa swali hilo lilipaswa kutangulia, kwa sababu kusi ya Julai si jambo la kushangaza na majahazi yameipita kwa mamia ya miaka yakiwa na umbo lililotengenezwa kwa ajili yake.

Vimbunga ni sura nyingine ya mjadala huu, na hapa kumbukumbu ya jamii ni fupi mno. Kimbunga huhitaji bahari yenye joto na pia nguvu ya mzunguko wa dunia ya kukizungusha, na kwa kuwa nguvu hiyo hupotea karibu na ikweta, vimbunga huzaliwa kwa nadra ndani ya nyuzi 5 za latitudo. Unguja iko karibu nyuzi 6 kusini, Mtwara karibu nyuzi 10, na Madagaska huzuia vimbunga vingi vinavyotoka mashariki. Kutokana na hayo wengi wamekua wakiamini kwamba pwani ya Tanzania haina vimbunga, ingawa Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja katika enzi ya Seyyid Barghash na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa huku Pemba ikinusurika, na Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Mwandishi alikuwa Mtwara Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilipokuwa kikitoka Komoro. Familia nyingi zilihama kutoka maeneo ya chini, shule zikafungwa, kisha tarehe 25 kimbunga kikaingia nchi kavu kusini mwa mpaka, katika mkoa wa Cabo Delgado wa Msumbiji, kikaleta maangamizi huko, na Mtwara ikapata salama. Mama mmoja aliyekuwa amebeba watoto wake na magodoro kwenda mlimani alisema kwa uchungu kwamba serikali imemtesa kwa ajili ya upepo wa watu wengine. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitangazwa kuelekea pwani hiyohiyo kikafa kabla ya kufika. Kila mara baada ya hapo lawama ziliongezeka, na Hidaya ilipokuja Mei 2024 masikio mengi yalikuwa yameshaziba.

Hidaya iliingia karibu na Mafia tarehe 4 Mei. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesitishwa, na katika sehemu nyingi upepo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ule uliohofiwa. Mvua zake ndizo zilizokata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga. Mtu wa Unguja aliyeona siku ya kawaida alisema tena kwamba amedanganywa, wakati huohuo abiria wa kusini wakiwa wamekwama kando ya daraja lililobebwa na maji. Njia ya kimbunga ikihama kwa kilomita mia moja tu ndani ya siku mbili, kosa ambalo ni la kawaida hata kwa vituo vikubwa vya dunia, wilaya nzima hubadilishana hatima na jirani yake. Kumweleza hivyo mama wa Mtwara kabla hajabeba godoro, kwamba anahamishwa kwa sababu ya uwezekano na kwamba akirudi salama hakuonewa, kungekuwa heshima kwake na kungelinda utii wake wa mara nyingine.

Baada ya kuacha ajira, mwandishi alizoea kukaa na wavuvi katika dago, yaani kambi za muda ambazo wavuvi hukaa mbali na kwao kufuata samaki wa msimu. Huko alikuwa akiwasomea taarifa ya bahari kila jioni na kuwauliza wao wangeiandika vipi. Mvuvi mmoja wa makamo, mwenye ngalawa, alisema kwamba kilomita 40 ni habari ya gari. Yeye anataka kujua kama upepo utaamka kabla ya adhuhuri au baada yake, kwa sababu hutoka usiku kwa umande na kurudi mchana, na upepo unaoamka saa 8 alasiri unamkuta tayari yuko nyumbani. Mwenye mashua ya mashine alisema yeye hajali saa, anajali kama mawimbi yatakuwa mafupi au marefu, kwa kuwa mafupi humvunjia ubao. Bwana diko, msimamizi wa pahala hapo, aliongeza kwamba akizuia vyombo vyote kwa pamoja hatiiwi na yeyote, lakini akizuia ngalawa peke yake na kueleza kwa nini, hutiiwa. Katika jioni chache walizokaa pamoja, angalizo la mistari miwili liligeuka kuwa maelezo yanayotaja aina ya chombo, sehemu ya njia iliyo wazi kwa kusi, na saa ambayo maji yatapwa dhidi ya upepo. Hakuna kifaa kipya kilichohitajika. Kilichohitajika ni mtabiri na wavuvi kukaa kwenye mkeka mmoja.

Kwa msingi huo hukumu ya mwandishi ni kwamba utabiri wa bahari unaotolewa leo nchini ni sahihi kuliko unavyosifiwa, na ni pungufu kuliko wanavyodhani wanaoutoa. Usahihi wake umeletwa na setilaiti, modeli na wapimaji wanaoamka usiku. Upungufu wake hautaondolewa na kompyuta kubwa zaidi, kwa sababu elimu inayokosekana, ya milango, mikondo, vivuli vya visiwa na udhaifu wa kila chombo, iko vichwani mwa manahodha, na wengi wao ni wazee. Ofisi za hali ya hewa zinaweza kuiandika elimu hiyo diko kwa diko kabla wenyewe hawajaondoka, nazo kamati za wavuvi na masheha wanaweza kuanza bila kuzisubiri. Kila diko na liandike kwenye ubao wake kiwango cha upepo ambacho ngalawa, mashua na boti zake haziwezi kurudi nacho, sehemu ambazo hazipitiki maji yanapopwa, na majina ya wanaoamua nani asitoke. Kisha nakala ya maandishi hayo ipelekwe kwa mtabiri aliye karibu, na kusi ijayo ikute yameshafika.